Mabeki wa Brazil mnawataja wote, Lúcio mnamruka

Kila ubishi wa mabeki bora wa miaka ya 2000 ukianza majina ni yale yale, Maldini, Nesta, Cannavaro, Puyol, Terry, Ferdinand, na akitajwa Mbrazil basi ni Thiago Silva ambae kiukweli zama zake ni zile zilizofuata, au mtu anadandia kwa Cafu na Roberto Carlos ambao wale walikuwa wa pembeni sio wa kati. Lúcio hatajwi. Hata hapa kwetu Nadir Haroub alipewa jina la Cannavaro mpaka likawa jina lake kabisa, ila beki wa Bongo aliyeitwa Lúcio mi sijawahi kumsikia. Na huyu ni mtu ana Kombe la Dunia, ana UEFA yaani Ligi ya Mabingwa Ulaya, kavaa jezi ya Brazil mechi 105 na kitambaa cha unahodha juu. Sasa mnataka awape nini tena?

Nadhani shida ni zile mbio zake. Jamaa alikuwa akinyang'anya mpira hatoi pasi ya mita tano kwa kiungo halafu arudi nafasini kwake kama mabeki wenye adabu, hapana, anaondoka nao. Anapita katikati ya uwanja, anamvuka wa kwanza, anamvuka wa pili, mguu mrefu, kifua mbele, kocha kule benchi kasimama ameshika kichwa, na siku nyingine anafika mpaka kwenye boksi la wapinzani. Sasa watu wakimwona beki anafanya hivo wanajua tu huyu mzembe, huyu kazi ya kukaba haijui, huyu akirudi nyuma amechoka lazima avunje mtu mguu.

Haya twende Kombe la Dunia 2006 Ujerumani. Lúcio alicheza dakika 386 bila kufanya faulo hata moja. Beki wa kati! Mechi na Croatia, Australia, Japan na Ghana zote nne zimeisha hana faulo, ya tano na Ufaransa imefika dakika ya 26 ndo refa akampulizia ya kwanza. Ni rekodi ya Kombe la Dunia. Fikiria beki wa kati unakutana na mastraika wa kila aina, mipira ya juu, kona, kusukumana, kuvutana jezi, na we unanyang'anya mpira tu ule mpira wenyewe mguu wa mtu huugusi. Brazil ile watu wanaiponda kwa sababu ya Ronaldinho kufifia na Ronaldo kunenepa, lakini mashindano mazima waliruhusu magoli mawili, moja la Tamada wa Japan na lile la Henry ambalo faulo ilipigwa na Zidane na Henry akaachwa peke yake nguzo ya pili. Lile lawama zote zilimwendea Roberto Carlos aliyekuwa ameinama anashughulika na soksi. Lúcio na Juan pale kati walifanya kazi yao vizuri tu.

Jina lake kamili Lucimar da Silva Ferreira, kazaliwa 8 Mei 1978 Planaltina, hiyo ni huko Distrito Federal karibu na Brasília, sehemu ambayo kimpira sio São Paulo wala Rio, maskauti hawajazani kule. Kilichomtoa ni mechi ya Copa do Brasil, kombe la vilabu la kwao, mwaka 1997, alikuwa kwa mkopo timu inaitwa Guará, wakapangwa na Internacional ya Porto Alegre wakapigwa saba. Saba bila! Na hao hao waliompiga saba wakasema tunamtaka yule beki. Mi kila nikifikiria hii stori nacheka, maana bongo beki akila saba anatafuta njia ya nyuma kutoka uwanjani, huyu kafungwa saba kapata timu kubwa. Inaonyesha kuna mtu kule Internacional alikuwa na jicho, aliangalia mchezaji hakuangalia ubao wa matokeo.

Mwaka 2000 akawepo kikosi cha Olimpiki Sydney, kile kilichotolewa na Cameroon ya kina Mboma na Eto'o wakiwa wamebaki tisa uwanjani, goli la dhahabu la Mbami, lile la muda wa nyongeza likiingia tu mechi imeisha. Aibu ile ilimfukuzisha kazi kocha Luxemburgo. Ila Lúcio Novemba mwaka huo huo akaitwa timu ya wakubwa, na mwanzoni mwa 2001 akapanda ndege kwenda Bayer Leverkusen.

Hapa nakaa kidogo maana msimu wa 2001/02 wa Leverkusen ni msiba. Timu ya kocha Klaus Toppmöller, ina Ballack, Schneider, Zé Roberto, Neuville, Berbatov kijana kabisa anatokea benchi, wanapiga boli Ulaya nzima inashangaa. Robo fainali ya UEFA wamefungwa moja na Liverpool kule Anfield, marudiano wanaongoza 3-1, Litmanen anarudisha la pili la Liverpool, kwa goli la ugenini Leverkusen wanatoka, imebaki kama dakika sita mpira uishe. Nani anafunga la nne? Beki wa kati. Lúcio yuko mbele kule anafanya nini dakika ile, usiniulize mimi muulize Toppmöller, ila 4-2 na Liverpool nyumbani. Nusu fainali wakamtoa Manchester United ya Ferguson.

Halafu ndo ikaanza kunyesha. Bundesliga, ligi ya Ujerumani, walikuwa mbele pointi tano zimebaki mechi tatu, wakaipoteza kwa pointi moja, Dortmund kabeba. Fainali ya kombe la Ujerumani wakapigwa 4-2 na Schalke. Ikabaki UEFA, 15 Mei 2002, Hampden Park Glasgow, na Real Madrid. Raúl anafunga mapema, dakika chache mbele faulo inapigwa kuingia ndani ya boksi, Lúcio anaruka kichwa, 1-1. Mechi hiyo watu wote wanaikumbuka kwa kitu kimoja, ule mpira Roberto Carlos aliourusha juu ukashuka Zidane akaupiga bila kutua kwa mguu wa kushoto. Na ni haki, lile goli lile we acha tu. Ila goli la Leverkusen la usiku ule alifunga beki na hakuna anayelikumbuka, makombe matatu yamepita mkononi ndani ya wiki kadhaa, mtu wa kawaida anaenda likizo anazima simu.

Yeye akaenda Japan na Korea.

Brazil ya 2002 leo tunaisimulia kama timu ya ajabu ila wakati inaondoka kwao hakuna aliyekuwa anaiamini, mechi za kufuzu walipoteza sita, makocha walibadilishwa mpaka ikamfikia Scolari, Romário akaachwa nchi nzima ikalia. Scolari akaweka mabeki watatu nyuma, Lúcio, Edmílson na Roque Júnior, ili Cafu na Roberto Carlos wapande wanavyotaka. Watu wa Brazil hawakupenda ule mfumo, waliona wa kioga, lakini ulimfaa Lúcio maana akiondoka na mpira wanabaki wawili, na Edmílson mwenyewe alikuwa nusu kiungo.

Robo fainali na Uingereza, hapa Afrika Mashariki ilichezwa saa tatu na nusu asubuhi, kwetu walijaa banda la video na sare za shule na hakuna mwalimu aliyeuliza sana maana na yeye alikuwa hayupo. Dakika ya 23 Heskey anapiga mpira mbele, mpira rahisi kabisa, Lúcio anataka kuutuliza unamgonga unamkimbia, Owen huyo. Owen wa wakati ule ukimpa mpira vile umemaliza, kamchungulia kipa Marcos kaupitisha juu. 1-0. Banda lote likageuka kumtukana Lúcio, na wachambuzi dunia nzima walikuwa na kichwa cha habari tayari. Kilichonivutia mimi ni alivyocheza baada ya pale, hakujificha. Kuna mabeki wakikosea vile mechi iliyobaki wanapiga mipira yote jukwaani, yeye aliendelea kuomba mpira na kupanda nao vile vile. Rivaldo akasawazisha kabla ya mapumziko, Ronaldinho akampiga kipa Seaman ile faulo ya mbali, alafu Ronaldinho huyo huyo akala kadi nyekundu dakika ya 57, kwa hiyo nusu saa na zaidi Brazil wako kumi wanalinda 2-1. Na nani alikuwa anaulinda? Yule yule wa goli la Owen. Uingereza ya Beckham, Scholes na Owen hawakupata nafasi ya maana mpaka filimbi ya mwisho.

Fainali 30 Juni Yokohama, saa nane mchana huku kwetu, Brazil na Ujerumani. Angalia upande wa pili walikuwa kina nani: Schneider, Ramelow, Neuville, wote wa Leverkusen, na Ballack kakaa jukwaani ana kadi mbili. Watu aliolia nao Glasgow wiki sita nyuma. Neuville alipiga faulo ya mbali sana ikagonga nguzo, bado 0-0, ingeingia ile sijui tungekuwa tunaongea nini leo. Ronaldo akafunga mawili. Kwa hiyo wale jamaa wa Leverkusen walimaliza mwaka na nafasi za pili nne, Lúcio kaponyoka na dhahabu. Baada ya mechi Brazil walipiga magoti duara katikati ya uwanja wanaomba, na Lúcio yumo maana ni mlokole wa kweli kweli yule, kundi moja na Kaká.

Bayern sitakaa sana, alienda 2004 akakaa misimu mitano, Bundesliga tatu na makombe ya Ujerumani matatu, na chini ya kocha Magath walichukua ligi na kombe misimu miwili mfululizo kitu ambacho hakuna timu Ujerumani ilikuwa imefanya kabla. Ulaya ndo hawakufika popote. Mechi moja tu naitaja, Machi 2007 na Real Madrid pale Munich, ile Makaay alifunga sekunde ya 10 tangu mpira uanze, Roberto Carlos tena huyu, kapokea mpira wa kwanza kanyang'anywa. Bao la pili na lililowapeleka robo fainali ni kichwa cha Lúcio. Ukiangalia mabao yake makubwa mengi ni hivo, kichwa, kwenye mechi kubwa, akiwa mahali ambapo beki hatakiwi kuwepo au kwenye kona.

Kama lile la Johannesburg Juni 2009, fainali ya Kombe la Mabara, Brazil ya kocha Dunga na Lúcio nahodha, mapumziko wako nyuma 2-0 kwa Marekani. Marekani! Luís Fabiano akarudisha mawili, dakika ya 84 Elano anachonga kona, nahodha kaenda juu kuliko wote, 3-2. Alilia pale uwanjani waziwazi.

Anarudi Munich kutoka kwenye furaha hiyo anakuta kocha mpya, Louis van Gaal, na van Gaal hamhitaji. Miaka 31, beki, kocha mpya hakutaki, wengi wanaishia Uarabuni hapo. Inter Milan wakamchukua kwa bei ambayo ukiilinganisha na walichopata ni kama wameokota barabarani, na kocha Mourinho akamweka pembeni ya Walter Samuel.

Wale wawili, mungu wangu. Samuel hakimbii, hapandi, hacheki, anasubiri pale mbele ya boksi na kiwiko chake. Lúcio ndo anamfuata straika, anatoka mbele, anakata mpira kabla haujafika. Pembeni Maicon na Zanetti, nyuma Júlio César, mbele yao Cambiasso. Kwenye UEFA walikutana na Chelsea ya Drogba ambaye miaka ile alikuwa anaonea mabeki kama watoto, mechi mbili Drogba hakufunga na ya pili pale Stamford Bridge akaishia kula nyekundu, Eto'o kafunga moja Inter wamepita.

Alafu Barcelona ya Guardiola. Mechi ya kwanza Milan ilikuwa wiki ya yale majivu ya volkano ya Iceland, ndege hazirukii, Barcelona wakaja na basi, wakapigwa 3-1. Marudiano 28 Aprili 2010 Camp Nou, Thiago Motta anapewa nyekundu dakika ya 28, zaidi ya saa nzima Inter wako kumi na Eto'o anacheza beki wa pembeni, Eto'o! Messi, Xavi, Pedro, wanazunguka boksi kulia kushoto kulia kushoto na hakuna mlango. Wanaosema Lúcio hana nidhamu ya kukaa nafasini waitafute mechi hii wakae nayo dakika tisini. Hakupanda hata kidogo, aligeuka mtu mwingine kabisa. Piqué alipata la kwake dakika ya 84, la Bojan likakataliwa kwa mkono wa Yaya Touré, ikaisha 1-0, Inter fainali. Na dakika za mwisho zile nani aliingia kumpokea Eto'o? McDonald Mariga, Mkenya. Nakumbuka hata sisi ambao na Wakenya hatupatani kwenye lolote siku ile tulikuwa kitu kimoja, mtoto wa Nairobi anazuia Camp Nou na Lúcio yuko nyuma yake.

Fainali ilikuwa 22 Mei Madrid, Bernabéu. Mpinzani Bayern Munich. Kocha wa Bayern ni nani? Van Gaal. Huwezi kuitunga hii. Milito alifunga mawili watu wanamwimba yeye ni sawa kabisa, ila kaangalie Bayern walichopata mbele ya Lúcio na Samuel, walikuwa na mpira muda mrefu sana na hawakujua waupeleke wapi, Robben anahangaika, Olić kapotea. 2-0. Inter makombe matatu msimu mmoja, timu ya kwanza ya Italia kufanya hivo. 

Baada ya kama wiki mbili tu alikuwa Dar es Salaam. Wadogo zangu mnaosoma hii mnaweza msiamini lakini Brazil kamili, Kaká, Robinho, Maicon, nahodha wao Lúcio, walishuka bongo 7 Juni 2010 kucheza na Taifa Stars pale uwanja mpya wakijiandaa na Kombe la Dunia la Afrika Kusini, na kocha wetu wakati ule alikuwa Mbrazil pia, Márcio Máximo. Tulifungwa 5-1, Robinho mawili, Ramires mawili, Kaká moja. La kwetu alifunga Jabir Aziz dakika za lala salama na kelele zilizopigwa pale ungedhani tumechukua kombe. Brazil ile ilikuwa haijaruhusu bao huko Harare siku chache nyuma walipoifunga Zimbabwe 3-0, kwa hiyo sisi ndo tuliwafunga, andikeni.

Afrika Kusini haikwenda alivyotaka. Robo fainali Port Elizabeth na Uholanzi, Brazil wanaongoza moja, kipindi cha pili Sneijder anafunga mawili, Sneijder mtu wake wa Inter, Felipe Melo anamkanyaga Robben anatolewa, basi. Desemba mwaka huo kukawa na kombe la dunia la vilabu Abu Dhabi na hapo mkasa mwingine, TP Mazembe ya Lubumbashi ikaitoa Internacional ya Porto Alegre, ile ile iliyomwokota kwenye zile saba, 2-0, kipa wao Kidiaba anaruka kwa makalio uwanja mzima. Fainali Mazembe wakakutana na Inter ya Lúcio wakafungwa 3-0, Pandev, Eto'o na Biabiany. Sisi wa ukanda huu roho zilikuwa Lubumbashi ila ukweli ngazi ilikuwa tofauti.

Kuanzia hapo ni kushuka, na kushuka kwake hakukuwa kuzuri. Juventus 2012 alikaa nusu msimu wakaachana, São Paulo 2013 akatolewa kikosini kabla mwaka haujaisha, Palmeiras 2014 nusura washuke daraja. Alafu India, FC Goa, kocha Zico. Mwaka 2015 walifika fainali, wanaongoza 2-1 mpaka dakika ya 90 nyumbani kwao, wakafungwa mawili pale pale ikaisha 3-2, na kocha wa Chennaiyin waliobeba ndoo ni Marco Materazzi, mwenzake wa Inter aliyeingia dakika za mwisho kwenye ile fainali ya Bernabéu ili na yeye awe amecheza fainali. Baada ya India akarudi kwao akacheza Gama na Brasiliense, timu ambazo hata mashabiki wengi wa Brazil hawazifuatilii, mpaka Januari 2020 ndo akasema basi, ana miaka 41. Mei 2025 aliungua moto kwa ajali ya nyumbani huko Brasília akalazwa wiki kadhaa, akatoka salama namshukuru Mungu.

Watu wanasema angestaafu mapema asingejichafua, angeondokea Inter. Mi mwenyewe ningestaafu usiku ule ule Bernabéu na medali shingoni. Lakini mtu aliyetolewa kwenye mechi ya kufungwa saba naona alikuwa na hesabu zake tofauti kuhusu kujichafua. Kikosi changu cha miaka ya 2000 beki wa kati ni Nesta na Lúcio, Cannavaro benchi, na tuzo yake ya Ballon d'Or.